Mtaala wa Watu wa Mlimani

Kibosho, Moshi
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mpendwa dada yangu, Sista Kornelia,

Tumsifu Yesu Kristo! Shikamoo dada. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na masista wenzako wote hapo Tabora, na kwamba kile kikohozi kilichokushika wakati wa Kwaresima kimekuachia. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Nimeandika "tupo" kwa makusudi, na sababu yake utaiona huko mbele.

Mama hajambo isipokuwa magoti. Tumemkataza kwenda kukata majani ya ng'ombe, lakini tukigeuka tu tunamkuta ameshika mundu kihambani, kati ya migomba. Mvua imenyesha hadi barabara ya parokiani imekatika, pikipiki zinazungukia juu. Doris wangu amekuwa mrefu, sare ya mwaka jana imebaki juu ya magoti. Baba Doris anakusalimu sana.

Ulipopiga simu siku ya Pasaka uliniuliza naishije tangu ile shule ya Bomang'ombe ituachishe kazi, na hii "shule ya hewani" ninayoiendesha ni kitu gani hasa. Nilikujibu kwa mkato nikasingizia mtandao. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Leo ninalo, na nitakueleza yote kwa utaratibu, maana mambo haya yamefungamana.

Nilianza na watu wachache: wapagazi na waongoza watalii wa huku kwetu na wa Machame wanaotaka Kiingereza cha kazi. Wakishuka mlimani wanaingia darasani kwa simu zao, na mimi nakaa kwenye dirisha la stoo ya kahawa, ndipo mtandao unapokubali. Ni mdogo wetu Primus aliyeniletea wale wa mwanzo, kutoka kwenye kampuni anayofanyia kazi pale mjini.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa intaneti, dada. Kumbe ngumu ni kuamua nifundishe nini. Nikiwa mwalimu wa shule, muhtasari ulitoka juu, nikaufuata hata pale nilipoona haufai. Sasa hakuna wa juu. Nilijaribu ule wa shule, wanafunzi wakasinzia. Mtu aliyebeba mzigo wiki nzima hataki kugeuza sentensi kutoka kutenda kwenda kutendwa. Nikanunua mtaala wa ng'ambo uliokwisha kupangwa, wenye picha nzuri na mazoezi ya kusikiliza. Huo ulikuwa na uwanja wa ndege, hoteli, kuagiza chakula, kuomba radhi supu ikiwa imepoa. Wanafunzi waliupenda kwa sababu ya picha. Njia ya tatu ilikuwa niandike mtaala wangu mwenyewe kutokana na kazi yao, lakini nilijiuliza mimi ni nani hata niandike mtaala. Nilikaa hivyo katikati, leo ukurasa huu, kesho ule.

Ndipo akanipigia Bwana Aminieli, mwenye hiyo kampuni ya kina Primus. Akasema amesikia sifa zangu, na angependa wafanyakazi wake wote wasome kwangu mwaka mzima, kwa mkataba. Sharti lake lilikuwa moja tu, nifuate ule mtaala wa ng'ambo, hasa sehemu ya kumhudumia mgeni: tabasamu, karibu, hakuna shida, chochote upendacho. Nilifurahi hadi nikamwimbia ng'ombe.

Katika darasa hilo alikuwamo binti mmoja wa Machame anayeitwa Goodness. Ni muongozaji msaidizi, mwembamba, haongei mpaka awe na hakika. Jioni moja aliniuliza, mgeni akiwa anaumwa kule juu na hataki kushuka, amwambieje. Nikapekua mtaala mbele yao wote. Palikuwa na namna ya kumweleza mwuza dawa kwamba kichwa kinauma. Namna ya kumkatalia mtu haikuwamo. Nikamwambia anipe hadi kipindi kijacho.

Nikaandika somo langu la kwanza la kujitungia. Na hapo niligundua kuwa shida yao haikuwa Kiingereza. Sisi tumelelewa hivi: mgeni hukatalii, unasema ndiyo kisha unatafuta pa kupitia. Hata kwa Kiswahili tunasema "nitakuja" na miguu haitoki nyumbani. Kila nilipowapa sentensi fupi ya kukataa, waliipaka sori mbele na sori nyuma, na samahani katikati. Goodness alikuwa akiipandisha sauti mwishoni kama anayeuliza. Nikamwambia aishushe, kama mtu anavyotua ndoo ya maji chini. Wenzake walicheka sana, yeye hakucheka. Alirudia mpaka ndoo ikatua.

Sijui ni nani aliyerekodi lile somo akamsikilizisha Bwana Aminieli. Alinipigia asubuhi, sauti yake imebana. Akasema, "Mwalimu Theodora, mimi nilikuomba uwafundishe watu wangu kukaribisha. Wewe unawafundisha kumkatalia mgeni aliyevuka bahari?" Nilijaribu kumweleza. Akasema tangu ile korona iliyomfanya auze magari yake, analala akiwaza maneno ambayo mgeni ataandika mtandaoni, kwa sababu maneno mawili mabaya yanatosha kumfungia ofisi. Simwoni kuwa mtu mbaya, dada. Anaogopa. Akanitaka nichague hadi Jumatatu: mtaala wake pamoja na mkataba, au wangu bila mkataba.

Ilikuwa wiki ngumu. Baba Doris alisema nichukue mkataba, somo langu nitalifundisha pembeni. Primus naye, kabla ya kuondoka kwenda kazini, alinisihi nisimgombanishe na bosi wake, kwani yeye ndiye aliyenitambulisha. Mwisho nikakubali moyoni mwangu kuachana na mambo yangu. Nikasubiri tu Jumatatu ifike nimwambie.

Jumatatu hiyo simu iliyoingia haikuwa ya Bwana Aminieli. Alikuwa Goodness, anapiga kutoka lango la Mweka, wanakoshukia watu wa mlimani, anahema, upepo umejaa kwenye simu. Yaliyotokea nilikuja kuyajua vizuri baadaye, aliponisimulia hapa nyumbani.

Walikuwa wamefika kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kilele, wakiwa na wageni wawili, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa alikuwa mgane, amefiwa na mke, na alimwahidi mkewe huyo alipokuwa mahututi kitandani kwamba atafika juu kwa niaba yake. Wageni walikuwa wazima kabisa. Aliyeugua ni kiongozi wa msafara. Alikuwa ameshuka na kundi moja na kupanda na jingine bila kupumzika, na mafua aliyaficha tangu getini. Alasiri hiyo alianza kuyumba kama aliyekunywa mbege, akawa anataka kuvaa glavu mguuni, na kifua kikawa kinakoroma maji. Goodness aliona mapovu midomoni mwake. Akajua asiposhushwa atakufa.

Akawaambia wageni. Mdogo mtu akasema wapagazi wanaijua njia, basi wamshushe wao, na Goodness awapandishe kileleni kama ilivyopangwa. Goodness akaniambia, "Mwalimu, ile 'hakuna shida' ilikuwa imeshafika kwenye ulimi." Lakini chupa ya oksijeni ilikuwa moja. Ikishuka na mgonjwa, wanaopanda hawana kitu. Ikipanda, mgonjwa hafiki chini. Akasema kwa Kiingereza: Hapana. Anashuka sasa hivi. Oksijeni inashuka naye, mimi nashuka naye, na leo hakuna anayepanda.

Mgeni akafoka. Akamwambia kwamba yeye ni msaidizi tu, ataje jina lake kamili. Goodness akataja jina lake kamili, kisha akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Mgane alikuwa amekaa juu ya jiwe, anatazama kilele kilivyo karibu, machozi yanamtoka. Kisha akasimama, akafunga mfuko wake. Ndipo wote wakashuka, mgonjwa juu ya machela ya gurudumu moja, wapagazi wakipokezana, Goodness akishikilia chupa na kumwita mgonjwa kwa jina asilale. Gari liliwapokea chini, likamkimbiza hospitali mjini. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, angepokea maiti.

Ungedhani binti huyo angepongezwa. Yule mgeni mdogo aliandika malalamiko: ameamrishwa kama mtoto, safari yake imeharibiwa, muongozaji hana adabu. Bwana Aminieli akatuita ofisini, Goodness na mimi.

Goodness alikuwa amesimama, midomo imebabuka kwa jua, mikono nyuma. Bwana Aminieli alisoma malalamiko yote kwa sauti. Kisha akamtaka Goodness aandike barua ya kuomba radhi kwa sababu ya lugha chafu. Goodness akasema mgonjwa yuko salama, na radhi ya jambo hilo hawezi kuiomba. Ndipo Bwana Aminieli akanigeukia mimi. Akaniuliza mbele yake: maneno haya ni ya kwako, au ameyatunga yeye? Na kama mwalimu wa Kiingereza, je, ni ya adabu?

Niliona mlango alioniachia wazi. Ningesema amekosea kidogo, toni ilikuwa kali, nilimfundisha vingine. Mkataba ungebaki mezani, na ada ya Doris nayo. Nilimtazama Goodness. Hakunitazama. Hakuniomba kitu.

Nikasema, "Maneno ni yangu, mzee. Nilimfundisha mimi. Na angeyasema kwa upole kuliko hapo, leo tungekutana kanisani, si ofisini kwako."

Bwana Aminieli alivua miwani. Sikumwona akikasirika. Nilimwona amechoka. Alisema taratibu kwamba ananishukuru kwa kuja, na kwamba suala la mkataba limekwisha. Goodness akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka aitwe. Hadi leo hajaitwa. Tulitoka nje, nikamnunulia soda.

Sasa dada, kama umesimama, tafadhali kaa chini.

Kiongozi huyo wa msafara ni Primus wetu.

Ni mzima. Soma hapo mara ya pili: ni mzima, yuko hapa nyumbani, nimemwacha nje sasa hivi akiota jua. Alinikataza kabisa nisikuandikie, akisema umemwombea miaka mingi aache mlima na hataki uone ulikuwa na haki. Lakini siwezi kukuficha ndugu yetu alipofika. Mama anajua ni nimonia, na kwamba Goodness alimshikia chupa ya hewa njiani, basi. Jinsi alivyokuwa mlangoni mwa mauti hajui, na nakuomba ukimpigia usimwambie kabla hatujaongea.

Kuna jambo moja Goodness alinisimulia akilia, naye hakulia alipofokewa na mgeni wala alipohojiwa ofisini. Wakiwa bado kambini, kabla hajaenda kwa wageni, Primus alimshika mkono akambembeleza kwa Kichagga. Alimwita "mdogo wangu". Akamwambia: nifunike tu kwenye hema, nitaamka, ukinishusha mbele ya wageni wangu umenimaliza, mimi ni mtu wa kuandikwa kazi wapi tena. Primus ndiye aliyemtafutia kazi, dada. Ndiye aliyemfundisha mlima, mwaka ule wengine waliposema msichana atachelewesha kundi. Na Goodness akamjibu yeye kwanza: hapana, kaka, unashuka. Hilo sikumfundisha. Hakuna mtaala ambao ungemfundisha.

Yule mgane, kabla ya kuondoka nchini, alikwenda wodini. Alikaa kando ya kitanda, kisha akavua koti lake la baridi, akamwekea Primus miguuni, akaondoka. Primus analivaa kila asubuhi.

Daktari amemwambia asipande tena kule juu. Siku nyingi chakula alikuwa anakisogeza tu. Nilipoanza kuandika upya masomo yangu pale dirishani, alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma, akasema hivyo sivyo. Akasema mtu wa mlimani akizidiwa hasemi anaumwa, anasema yuko sawa sawa kuliko wote, na hapo ndipo mfundishe watu kumwuliza maswali. Tangu hapo tunaandika wote, yeye anasema kilichotokea, mimi natafuta maneno. Tunagombana kama zamani. Baadhi ya watu wa Bwana Aminieli wanaingia darasani kimyakimya kwa simu zao wenyewe, na wapo wa kampuni nyingine. Kama itatosha kutulisha sijui. Baba Doris naye hajui, ila ameacha kuuliza.

Kilichobaki ni kwamba Primus hajaonana na Goodness tangu siku ile. Binti alikwenda hospitali mara mbili, akakuta Primus amegeukia ukutani. Mama, bila kujua kilicho kati yao, amemwalika leo, akasema haiwezekani mtu amshikie mwanawe chupa ya hewa halafu asile mtori kwake. Anakuja akitoka ibadani kwao Machame. Primus ameambiwa tangu jana.

Tuombee, Sista, hasa huyu mdogo wetu. Wasalimie masista wote, na yule mama mpishi aliyenipa mbegu za karanga, mwambie zimeota. Doris na baba yake wanakusalimu, Mama anasema upunguze kufunga na uongeze kula.

Mbwa anabweka huku njiani. Nachungulia dirishani naona gauni la kanisani linapanda kati ya migomba. Primus ameinuka mwenyewe, hajaitwa na mtu, na anateremka kwenda kumpokea. Anatembea polepole. Naacha kalamu hapa nikawashe moto.

Akubariki Mungu, dada yangu.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Theodora (Mama Doris)