Kuku Watano wa Achol

Lodwar, Jumapili, Februari 2013

Upepo wa vumbi umevuma tangu asubuhi, na jua la leo lilikuwa kali hata kwa sisi tuliozaliwa chini yake. Naandika kwa simu, nimeketi kwenye kizingiti cha jikoni. Bega langu la kushoto limeungua. Nitaeleza.

Kwanza nikiri kitu ambacho wanaonijua wanakijua: mimi si mtu wa kuamini watu.

Labda ni kazi. Ukiwa na hoteli ya chai na chapati karibu na stendi, unazoea kutazama mikono ya mteja kabla ya uso wake. Maziwa nayaonja mbele ya aliyeyaleta. Mume wangu, Baba Akiru, husema hata kanisani huwa nachungulia kuona kama mhubiri amefumba macho kweli wakati wa maombi.

Ni kweli, huwa nachungulia.

Sasa, habari ya kuku. Mayai ya hoteli yetu hutoka Kitale. Yakipita Kalemng'orok yameshakutana na kila shimo la barabara ile, na yakifika kwangu nusu ya trei ni ya kuwapa mbwa. Mwaka huu nikasema nitafuga wangu. Baba Akiru akajenga nyumba ya kuku nyuma ya jikoni kwa mikono yake mwenyewe. Mabati mapya juu, mabati mapya pande zote, tundu la hewa kama la kutolea moshi, na mlango mdogo wa kuingia kwa magoti. Ilipokamilika aliwaita majirani waje waione. Jua likiipiga, huwezi kuitazama.

Alhamisi nikaenda Kakuma. Binamu yangu anauza nguo huko, na ndiye aliyeniambia kuna mama wa Sudan Kusini anayeuza kuku wake wa mayai kwa sababu anarudi kwao. Jina lake Achol. Nilimkuta mbele ya nyumba yake ya udongo katika kambi ya wakimbizi, mwanamke mrefu, maneno machache, kuku wakimzunguka miguuni. Watano, wazuri. Manyoya yanang'aa, vilemba vyekundu. Niliwashika mmoja mmoja nikitafuta kasoro, nikaikosa.

Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Kisha nikamwambia nataka wa kutaga, kwa ajili ya hoteli. Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akapunguza bei kabla sijafungua mdomo kuomba.

Nani hupunguza bei bila kuombwa? Mimi nauza kila siku, najua. Anayefanya hivyo anataka mzigo uondoke kwake haraka. Niliwanunua, sikatai, tamaa ilinishinda. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa na kikapu mapajani na maswali kichwani. Je, ni wa wizi? Je, wana kitu ambacho kitatokea kesho?

Jioni ile ile akapiga simu. Wamefika salama? Ijumaa akapiga tena. Wamekula? Jumamosi tena, wanalala vipi, wanakunywa maji? Nikajibu kwa mkato. Nilipokata simu nikamwambia Baba Akiru kwamba mwenye mali safi haulizi hivyo. Aliyetega mtego ndiye hurudi kuuchungulia. Yeye akacheka, akasema huenda anawapenda tu. Nikamtazama, nikajiuliza kwa nini anamtetea mwanamke ambaye hajawahi kumwona.

Ndivyo nilivyo.

Na kuku wenyewe walinipa sababu. Niliambiwa kuku mgeni afungiwe ndani kwa siku chache ili ajue hapo ndipo kwake, kwa hiyo nikawafungia. Ijumaa mchana nilipochungulia walikuwa wamejibana kwenye kona moja, mbawa wameziachanisha na mwili, midomo wazi. Mahindi sikuona yameguswa. Asubuhi na mapema wanaonekana nafuu, mchana wanazidiwa. Nikasema huo ndio ujanja wa ugonjwa, unakupa matumaini kisha unakunyang'anya.

Jirani yangu, Mama Losike, ana kuku pia. Alikuja kuchungulia jana, akarudi nyuma haraka akiziba pua kwa leso. Akasema ni kideri. Akasema amesikia kuku wanakufa Kakuma, na kwamba nikichelewa nitammalizia na wake. Ushauri wake ulikuwa niwachinje leo baada ya kanisa kabla hawajakonda. Yeye angenisaidia, na angebeba wawili kwake ili nyama isiharibike.

Hapo nikamshuku na yeye. Ugonjwa unaokufanya uzibe pua, halafu wawili unawapeleka kwa sufuria yako?

Lakini hofu ya kideri ilikuwa kubwa kuliko shaka yangu juu ya Mama Losike. Leo tulipotoka kanisani nilimkuta kuku wa kahawia, yule mkubwa, amelaza kichwa mchangani. Nikampigia Achol simu. Sikumsalimu. Nilimwambia kwamba aliniuzia ugonjwa akijua, kwamba ndiyo maana alipunguza bei, ndiyo maana anapiga simu kila jioni kusikia kama wameshakufa, na kwamba ameona mimi ni mjinga wa Lodwar.



"Mama, mimi sikuuzia wewe ugonjwa," akasema. "Usichinje. Ngoja mimi."

Akakata. Nikaona huo ni mchezo wa kunichelewesha. Kisu kilikuwa tayari. Mama Losike alikuwa tayari pia, amesimama na sufuria yake.

Nikapiga magoti nikaingia kwenye ile nyumba ya kuku kumtoa wa kahawia.

Sijui niseme vipi. Umewahi kuingiza mkono kwenye jiko la mkate? Mimi niliingiza mwili mzima. Hewa haikuwemo mle. Nilivuta pumzi, kifua kikakataa. Nikageuka, bega likagusa bati, na ngozi ikabaki pale. Nikakaa kwa magoti macho yakilengalenga machozi, nikashtuka kujisikia nahema. Mdomo wangu ulikuwa wazi kama wa wale kuku. Mikono nimeiachanisha na mwili.

Hakukuwa na kideri.

Nilikuwa nawapika.

Nilitoka nao mmoja mmoja, nikawaweka kwenye kivuli cha jikoni, kando ya beseni la maji. Wa kahawia nilimmwagia maji shingoni kwa kiganja na kumshikia kichwa. Mama Losike aliuliza kama bado tunachinja. Nikamwambia aende nyumbani. Sikumwambia vibaya. Alikuwa amekosea kama mimi, ila yeye hakuwa amemtukana mtu.

Baba Akiru alipokuja nilimwambia aingie mle ndani mwenyewe. Akadhani natania. Aliingia, akatoka. Akachukua nyundo akaanza kung'oa mabati yake mapya ya pembeni, moja baada ya jingine. Nilimhurumia. Aliijenga kwa moyo.

Alasiri wale wanne walianza kuchakura. Wa kahawia alikunywa maji, akalala, akanywa tena. Nilimpigia Achol simu. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Na hapo, nisidanganye, shaka ikarudi. Nikajiambia: unaona, amezima, anajificha. Hata baada ya kuungua bega.

Jua lilipokuwa linazama tukasikia hodi mlangoni. Sikutarajia mtu, kwa hiyo nikachukua mwiko mkubwa wa ugali kabla ya kufungua.

Alikuwa Achol.

Vumbi la njia nzima lilikuwa usoni mwake na nguo zimejaa weusi wa makaa, maana alikuja juu ya lori la makaa. Mkononi alikuwa na kikapu kitupu. Mtu wa kambi hatoki vile anavyotaka, kuna kibali, kuna vizuizi vya polisi barabarani. Sikuwa na uso wa kumuuliza alipitaje. Baba Akiru akamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok," naye akaitikia vizuri. Mimi hakunisalimu. Nilistahili.

Alichuchumaa katikati ya ua akatoa sauti. Si mluzi, si neno, ni ulimi unaogongwa juu ya kinywa kisha mvuto mrefu wa "uuu" unaoshuka. Wale wanne wakaja mbio hadi magotini kwake. Wa kahawia akasimama. Akapepesuka, lakini alimwendea. Achol akampapasa kifuani, akamfungua mdomo, akamtazama macho.

"Huyu si mgonjwa," akasema. "Huyu iko na joto."

Nikamwambia ni mabati. Nikamwonyesha yalivyorundikwa pale. Nikamwambia nilichosema kwenye simu kilikuwa kibaya na hakikuwa kweli, na kwamba nilijua sina ushahidi nilipokuwa nakisema. Yeye aliendelea kumpapasa kuku.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini bado kulikuwa na mwiba ule mmoja, nikauliza. Kwa nini ulipunguza bei?

"Watu wote walikuja kwangu wanauliza kuku ni kilo ngapi," akasema. "Wewe peke yako uliuliza mayai."

Nilikwenda kuwasha moto wa chai, nikakaa mbele ya moto ule muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Wakati tunakula alitueleza kidogo. Wiki ijayo anaondoka kwenda upande wa Bor kumtafuta mama yake, hajui kama atamkuta. Alikuwa ameambiwa safari haina nafasi ya kuku. Alikuwa amekataa wanunuzi mpaka majirani zake wakamwona mwendawazimu. Kikapu alikuja nacho ili awachukue, na kama angewakuta wamechinjwa, alitaka angalau anitazame usoni.

Nimemtandikia kitanda cha Akiru, ambaye yuko shule ya bweni. Amekataa kwa upole. Amechukua mkeka akautandika nje, pembeni ya kuku, mgongo wake ukiwa kati yao na mlango wangu.

Nimemwelewa. Hajui nitafanya nini akisinzia. Ni mara ya kwanza mtu kunitazama kwa macho ambayo mimi huwatazamia watu, na si macho mazuri kutazamwa nayo.

Hajasema kama kesho ataondoka nao au atawaacha. Sijamuuliza. Nikiuliza leo, ataona naulizia mali yangu.

Baba Akiru amekwenda kutafuta majani ya mikoma ya kuezekea. Mimi nitaamka kabla ya jua. Nitachuchumaa karibu na mkeka wake, na kabla ya neno jingine lolote nitamwomba anifundishe ile sauti.