La Pili au La Tatu

Kwako Kulwa, kaka uliyenitangulia kuzaliwa kwa dakika chache ukatamba nazo maisha yako yote,

Salamu sitaandika, kwa sababu sijui zinafikaje huko uliko. Naanza na swali lako, lile ulilokuwa unaniuliza tangu tukiwa darasa la sita: lipi zuri, La Pili au La Tatu? Jumamosi wameniuliza tena, palepale kwenye banda la gemu la Baba Neema. La Tano limefika hapa kijijini kwetu Didia, vijana wamegawanyika, wakasema aitwe dada Doto, yeye ameyacheza yote, aje aamue. Nikaenda kuamua. Nilipotoka mle ndani nilishika ukuta, Kulwa, na mpaka leo sijasimama vizuri.

Barua hii naiacha wazi, watu waisome. Wengi hawatujui, kwa hiyo wewe vumilia nikieleza mambo unayoyajua.

Gemu lenyewe ni la mapigano. Waliolitengeneza walichukua wapiganaji kutoka kwenye magemu mengine chungu nzima, wa karate, wa mapanga, wa maroboti, hata yule dubu aliyevaa suti, wakawatia kwenye ulingo mmoja. Jina lake la kweli limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu wa Didia anayezisoma. Sisi tuliliita Mchanganyiko, na kila toleo jipya tukalipa namba yake. La Kwanza lilikuwa linagandaganda, nalo hatukuligombania. Ugomvi wetu ulikuwa La Pili na La Tatu.

La Tatu lilikuwa langu. Unachagua wapiganaji watatu, una pedi yako, na adui yako ni ndugu yako aliyekaa pembeni. Mimi nilizaliwa kwa ajili ya gemu hilo. Nilikuchapa mbele za watu, nikakuchapa ukiwa na homa, nikakuchapa siku ya Pasaka ukiwa umevaa shati jipya. La Pili lilikuwa lako, nami sikulielewa hata siku moja. Mle wenye pedi wawili wanakaa upande mmoja, wanapigana na mashine, na uhai wao ni mmoja. Akipigwa mwenzako, wewe uliyesimama pembeni unapungua. Nilikuwa nauliza, gemu gani hilo, mtu unauawa na uzembe wa mwenzako?

"Doto, njoo tulimalize La Pili," uliniambia. "Kuna mmoja anafunguka mwishoni."

"Mfungue mwenyewe."

"Hafunguki bila watu wawili."

"Basi abaki na kufuli lake."

Ukamfungua peke yako. Sikuwepo, lakini nilikukuta ukifanya mazoezi: pedi moja mkononi, nyingine umeiweka sakafuni, unaibonyeza kwa vidole vya miguu, jasho linakutoka kama mtu anayepukuchua mahindi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikawaita na wengine waje kucheka. Nikakubatiza Bwana Miguu, na Didia nzima ikakuita hivyo karibu mwaka mzima. Ulicheka na wewe, nikadhani tumecheka wote. Ulipokuja kuniambia kwamba yule mpiganaji amefunguka, anabeba taa, ana mapigo usiyoyaona yakija, nilikujibu kwamba wa La Pili simtaki hata wa bure. Hukunitajia jina ulilompa. Na mimi sikuuliza.

Nakumbuka pia kwenye mpunga, msimu ule tulipolinda ndege wasile. Hakuna mashine, hakuna umeme, wewe unakaa nyuma yangu na kunibonyeza mgongoni kama pedi, mimi narusha mateke kwenye majani kwa jinsi ulivyobonyeza. Ndege walikula mpunga wa mama huku tukiwa ulingoni. Tulichapwa wote wawili, bibi akasema hawa mabasa, mapacha hawa, ukimchapa mmoja lazima umchape na wa pili, la sivyo aliyebaki ataumwa. Ile siku ulikuwa unacheza La Pili na mimi, Kulwa. Nimekuja kulijua jambo hilo juzi.

Kisha mvua zikagoma misimu miwili, ukaenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu. Ulipiga simu ya mama kila Jumapili baada ya misa. Mimi ulinisalimia kupitia kwake, na mimi nikarudisha salamu na utani kupitia kwake. Halafu simu yako ikawa haipatikani. Jumapili ya kwanza mama akasema chaji imeisha. Jumapili ya pili akafunga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akaniambia, "Mpelekee kaka yako."

Nilifika Mwakitolyo mchana. Unayajua yale maturubai, lile vumbi, ile mitambo ya kusaga mawe inayoziba masikio. Nilianza kuuliza duara moja baada ya jingine, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao: namtafuta Kulwa, kijana wa Didia. Hakuna aliyemjua Kulwa. Nilikuwa na picha yako moja tu, ya kumaliza darasa la saba, unanyoosha shingo kama kuku anayetafuta mlango. Waliitazama wakacheka, wakasema huyo mtoto hajafika huku. Kunitazama mimi hakukuwasaidia. Mapacha tumekuwa mapacha kwa jina, wewe sura ya baba, mimi ya mama.

Mama mmoja anayepika chakula cha wachimbaji, Mama Limi, alinihurumia akanipa kigoda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake mekundu.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Kulwa, mama. Pacha wangu."

"Huku majina ya nyumbani hatuyajui. Mtu anakuja na jina lake la machimbo, tunamwita hilohilo. Yeye anaitwaje?"

"Kulwa tu," nilisema. Nilisema kwa kujiamini kabisa.

Akaniambia nimekuta msiba. Duara limefukia mtu, wamehangaika na kifusi siku nyingi, wamemtoa juzi. Hali ya mwili hairuhusu kutazamwa wala kungoja zaidi, na wanamzika saa nane. Ndugu hawajapatikana. Alikuwa Msukuma mwenzetu, mkimya, mtu mwema, wanamwita Karabai.

"Labda unamfahamu?"

Nikatazama wanaume waliokuwa wakipita, kila mmoja na tochi kwenye paji la uso. Nikaona jina hilo la taa linamfaa yeyote kati yao. Nikasema, "Hapana mama, wangu ni Kulwa. Poleni sana."

Kulwa, nilishukuru. Nataka ujue hilo, kwa sababu ndilo linaloniamsha. Nilimshukuru Mungu moyoni kwamba aliyekufa ni Karabai.

Sikuona vizuri kuondoka na jeneza linatoka, nikaungana nao. Walikuwa wachache, wamechoka, hakuna mwanamke wa kulia ila Mama Limi. Mwenye duara akasema hapa hakuna ndugu, basi dada huyu mgeni atusaidie, aweke udongo kwa niaba ya upande wa kwao. Nikachota udongo nikauweka. Nilisema, "Pumzika, kaka," kama tunavyomwita mwanaume yeyote tusiyemjua. Baadaye, kwa kuwa mwenye michembe sijampata, nikampa Mama Limi mfuko wote awachemshie waombolezaji. Mama yako alikupikia msiba wako, na mimi ndiye niliyeugawa.

Wakati wa kuondoka mchimbaji mmoja akasema vijana wengi wamehamia upande wa Geita, kuna dhahabu mpya, na mmoja mrefu wa Didia alimsikia anataja Buseresere. Nilimkumbatia kwa maneno hayo. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama, Kulwa kahamia Buseresere, huko mtandao unasumbua. Mama akauliza kwa nini nguo zangu zina udongo mwekundu. Nikasema nimepita msibani.

"Msiba wa nani?"

"Wa mtu wa hukohuko tu, mama."

Sikutaka kumtia hofu. Jina sikulitaja.

Miezi saba mama ameishi na Buseresere yangu. Kila anayetoka upande wa Chato anamuuliza kama amemwona kijana mrefu. Krismasi alikutengea sahani, akaifunika, kesho yake akaila mwenyewe asubuhi.

Sasa ndiyo nafika Jumamosi. Vijana wamejaa bandani, wananidai uamuzi. Nikasema sitaki kuonea gemu, niwekeeni La Pili, nilicheze kwanza, sijalishika miaka. Baba Neema akatafuta diski, akaifuta kwenye shati, akaiweka. Ikatokea orodha ya waliowahi kulimaliza. Mistari kumi. Yote kumi ina jina moja, kwa herufi kubwa: KARABAI.

Nikauliza, na sauti yangu niliisikia inatoka mbali, "Karabai ni nani?"

"Si ndugu yako Kulwa?" Baba Neema akasema, macho yake kwenye waya. "Yule mpiganaji wa taa alimwita Karabai, mwisho akalichukua jina likawa lake. Ulikuwa hujui?"

Vijana walikuwa wanapiga kelele nichague. Nikachagua. Yule mtu wa taa akatoka, mwembamba, taa inaning'inia kwenye fimbo, na pembeni yake nafasi ya mwenzake ikawa tupu, mashine inasubiri pedi ya pili ibonyezwe. Hakuna aliyeibonyeza. Nilikaa hapo mpaka Baba Neema akaizima mwenyewe, akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, Jumatatu na Jumanne nimerudi bandani nikaomba nicheze La Pili. Nilitaka nikuandikie kwamba ulikuwa sahihi, kwamba ndilo zuri kuliko yote. Nimelitafutia uzuri siku tatu. Sijauona, Kulwa. Ni zito, mapigo yanachelewa, muziki wake unachosha. La Tatu ni bora na La Tatu litaendelea kuwa bora, na hata sasa siwezi kukupa zawadi hiyo ndogo bila kusema uongo. Wewe hukulipenda kwa ajili ya mapigo. Ulipenda kukaa upande mmoja na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeshughulika kukushinda.

Karani wa ofisi ya kijiji ameniambia kaburi linaweza kuhamishwa, lakini ndugu athibitishe. Ubao wa kaburini unasema Karabai, vyeti vyako vinasema Kulwa, na shahidi wa kuunganisha hayo mawili ni orodha ya gemu. Yule karani hakunicheka. Alinitazama tu kwa huruma, akafunga faili.

Ninyi mnaosoma na mna mtu machimboni, Mwakitolyo, Geita au kokote, mpigieni leo. Msimuulize amepata nini. Muulizeni wenzake wanamwitaje, mliandike jina hilo mahali.

Leo asubuhi nimemwambia mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilijipanga tangu jana nianzie wapi, nikaona nianzie kwenye ule msiba, nimpeleke polepole. Nikasema, "Mama, siku ile nilipotoka Mwakitolyo uliniuliza msiba wa nani. Alikuwa anaitwa Karabai."

Mama aliuweka ungo chini. Hakuniacha nifike mwisho.

"Karabai ni Kulwa," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza amelijuaje.

"Aliniambia mwenyewe kwenye simu, siku alipofika. Akasema, mama, huku nimejiita Karabai, lakini Doto usimwambie, atanicheka."

Kulwa, sikucheki.

Ni mimi Doto, pacha wako, niliyekuzika nikiwa mgeni.