Toleo la Zamani Ulilolifuta

Baba Shamimu,

Ugali wako ~~uko kwenye hotipoti~~ nimewapa kuku.

Kompyuta ya ofisini usiiguse tena. Asubuhi uliweka toleo jipya la Java, ile inayoendesha programu zetu, ukafuta la zamani eti halina kazi. Kumbe programu yetu ya nyaraka za malori inategemea hilo hilo la zamani! Madereva wakakwama mpakani, matusi nikayala mimi.

Nimelirudisha. Sasa yote mawili yamo, kila moja na folda yake, kila programu inajua lake, wala hayagombani. Ni kupanga tu, na mwanamume mzima kumekushinda.

Halafu Ijumaa unaoa mke wa pili?

Nimepanda basi la Mbeya. Java ya zamani ilikuwa na diski ya kuirudishia. Mimi sina.

Mke mkubwa