Nimeacha Safari Ndefu, Sasa Mke Wangu Anataka Nirudi Barabarani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana bosi anataka jibu Jumatatu na mimi kichwa kinaniwaka moto.

Mimi ni dereva wa lori, niliendesha safari ndefu miaka mingi, unatoka nyumbani mtoto anatambaa unarudi anakimbia, lakini sasa nafanya kazi ya hapa hapa mjini, nahamisha matela kati ya maghala mawili ya kampuni, yaani naingiza kichwa cha lori chini ya tela, nalifunga, naunganisha mipira ya upepo, nakunja miguu ya tela, naondoka, nikifika ghala la pili naliegesha mlangoni kwa rivasi, naliacha wapakue, nachukua lingine tupu narudi nalo, siku nzima ni hivyo, na jioni niko nyumbani kabla chakula hakijaiva. Wenzangu wa safari ndefu wananiita Jirani, wanasema eti gia ya mwisho ya lori langu bado iko kwenye karatasi ya dukani, nacheka nao, kazi yangu naipenda.

Tatizo ni mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele cha nyumba yetu, na nyumba yetu iko kwenye barabara ile ile inayounganisha maghala, kwa hiyo kila nikipita napiga honi ajue ni mimi, na nikiwa nasubiri kupakuliwa nampigia simu, namuuliza anafanya nini, mtoto amekula nini, leo kuna mboga gani, si wivu, ni mapenzi tu, na mwanzoni alikuwa anatoka mlangoni ananipungia mkono, siku hizi hata pazia halitikisiki.

Juzi nilikuwa na mapumziko, nikaona nguo za wateja zimetundikwa kila mahali, nikasema leo nimsaidie, nikazipanga kama tunavyopanga mzigo kwenye tela, nzito chini nyepesi juu, nikalikaza rundo lote kwa mkanda wa kubania mzigo lisiporomoke, chumba kikapata nafasi mpaka nikajipongeza. Kesho yake nikiwa kazini akaja mteja kuchukua gauni la harusi ya mdogo wake, gari linamsubiri nje, gauni liko katikati ya rundo, mke wangu hajui kufungua kile chuma cha kukazia mkanda, akanipigia simu, na mimi ndiyo nilikuwa napiga rivasi, sikupokea. Akakata mkanda kwa mkasi. Jioni nikamwambia kwa upole tu kwamba ule mkanda ni wa kampuni, hapo ndipo alipolipuka, "Baba watoto, huo mgongo wako si umepona? Basi rudi huko huko mbali, nami nipumue!"

Kuhusu mgongo nieleze. Siku moja nimerudi safari, binti yetu akanifungulia mlango, akaniangalia, akageuka akaita, "Mama, kuna mgeni." Mke wangu alicheka, na mimi nikacheka, lakini usiku ule nilisingizia nimekula njiani, nikalala na njaa. Nikaomba kazi ya hapa mjini, nyumbani nikasema ni mgongo unanisumbua, mwanaume utasema nini zaidi, na sasa binti huyo halali mpaka nimfunike shuka mimi mwenyewe.

Sasa bosi kaniambia kuna nafasi ya safari ndefu, nikamweleza mke wangu nikijua atakataa, akasema, "Ichukue," bila hata kuinua macho kwenye cherehani. Mshauri, au ana mtu? Nikienda nampoteza mwanangu, nikibaki naona kama nafukuzwa kwangu mwenyewe. Nifanyeje?

Ni mimi, Jirani.

Mwanangu Jirani,

Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka nikavua miwani, nikaisoma tena nikakuonea huruma. Basi pokea vyote viwili.

Kwanza mtoe huyo mtu kichwani mwako. Angekutana naye saa ngapi? Unapita na honi, kati ya honi na honi unapiga simu, jioni uko jikoni unafunua masufuria. Hata mwizi angechagua nyumba nyingine. Mke wako hana mtu, ana wewe, tena umemkalia kooni halafu unashangaa anatafuta pumzi.

Na hilo rundo! Ulipokuwa mbali nani alikuwa anakipanga chumba kile? Nguo zilizotundikwa unaziona zimezagaa, yeye anajua ipi inangoja vifungo na ipi mwenyewe anakuja kesho. Ukazirundika kama magunia ya saruji ukaondoka zako. Siku moja tu amekupigia yeye, hupatikani, na ukirudi unamlilia mkanda wa kampuni! Ningekuwa mimi, mkasi ule ungefika mpaka kwenye kiti cha lori. Mwombe radhi, na yule mteja mwombe radhi pia, wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Kuanzia leo usiguse hata uzi wake kabla hujamuuliza. Honi iwe moja asubuhi, inatosha. Simu piga ukiwa na jambo, ili jioni mkikaa mezani mbaki na cha kuambiana.

Hayo ni madogo, yatakwisha. Kubwa ni huo mgongo wa uongo.

Hebu jiweke mahali pake. Anachokijua ni kwamba mumewe aliacha kazi yake kwa sababu ya maumivu, wala si kwa kupenda. Maumivu yameisha, na mume anahangaika nyumba nzima, anapanga, anapangua, kila saa yuko kwenye simu, hatulii. Wewe unaita mapenzi, yeye anaona mtu aliyekwama. Kisha unamletea habari ya nafasi ya safari, unasimama mbele yake unamsubiri. Ulitaka aseme nini? Huenda ameinamia cherehani usione anavyoumia. Sina hakika, sikuwepo, lakini na wewe huna hakika, na ni wewe unayelala naye chumba kimoja. Mambo ya siku ile mlangoni umenieleza mimi, mtu usiyemjua hata sura. Mkeo alikuwepo, akacheka nawe, na mpaka leo hajui kwamba ulilala na njaa.

Bosi wako mwache asubiri mpaka Jumatatu, hatakufa. Leo jioni, mtoto akishalala, kaa chini karibu na mkeo. Usibebe kitu cha kurekebisha mikononi. Mwambie mgongo haukuwahi kukuuma. Mwambie, "Nilirudi kwa sababu yenu." Akuulize atakachouliza, umjibu ukweli, kisha unyamaze na umsikilize yeye anataka nyumba yake iweje ukiwa ndani yake. Akisema hata baada ya hapo kwamba uende, niandikie tena. Lakini mwanangu, mimi nimekaa na barua za wanandoa miaka mingi, na hiyo ya pili ya kwako sidhani kama itakuja.