Mita Tatu Mlangoni mwa Bandari

Jumatatu, 15 Septemba
Kina cha mlango wa bandari: mita tatu na sentimita kumi. Baba Riziki aliteremsha timazi, uzito wa chuma uliofungwa mwishoni mwa kamba, kutoka kwenye mtumbwi, akahesabu mafundo ya kamba, fundo moja kila nusu mita, akakadiria kilichobaki kwa kiganja. Mimi nikaandika. Kama kila Jumatatu. Yeye ni Mkongo, alikimbia vita Uvira, ng'ambo ya ziwa, mwaka jana. Hajui kusoma. Mimi karani sijui kuogelea. Ziwa linashuka kila kiangazi na mto unazidi kutuletea mchanga. Risasi tena upande wa Carama, kaskazini mwa mji. Mwaka wa nne wa vita huu. Nimechoka.

Jumanne, 16 Septemba
Meli ya unga kutoka Kigoma imekwama mlangoni. Chini yake inahitaji mita mbili na sentimita themanini tu. Kwa karatasi yangu ilitakiwa kupita. Sasa imekalia mchanga, hakuna chombo kinachoingia wala kutoka, na mji mzima unangoja unga huo. Wapagazi wamenicheka: "Karani! Meli yako imechoka, imekaa chini!"

Afisa wa jeshi anayelinda bandari hakucheka. Aliuliza nani aliandika mita tatu. Mimi. Anaamini kuna mtu ameiuza meli kwa waasi. Anataka nimpe jina la mtu huyo Jumamosi, saa sita mchana. Watu wamepotea kwa makosa madogo kuliko hili.

Jumatano, 17 Septemba
Nimepima kamba kwa rula ya ofisini. Kutoka kwenye timazi hadi fundo la kwanza hakuna hata kiganja. Nusu mita imepotea. Kwa hiyo mita tatu na kumi zangu zilikuwa mbili na sitini.

Nilimwuliza Baba Riziki. Hakuficha. "Wiki tatu zilizopita ilikuwa imeoza, patron. Nilikata kidogo tu pale chini, nikafunga timazi tena. Mi nilifikiri kamba ni kamba."

Nilikaa chini. Wiki tatu naandika kina kisichokuwepo, na sikuwahi kuipima kamba. Kosa ni lake. Ni langu pia. Lakini yeye ni mkimbizi. Nani atamsikiliza?

Alhamisi, 18 Septemba
Nimekwenda kwa afisa na karai la maji na sufuria. Aliniona mwendawazimu. Nikaweka sufuria majini, ikaelea. Nikatia mawe, ikazama kidogo, na maji ya karai yakapanda. Nikamweleza: chuma hakielei kwa wepesi wake, kinaelea kwa sababu kinasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Ukipunguza mzigo, meli inasukuma maji pungufu, inapanda. Kwa meli hii, kila tani tatu na nusu ni sentimita moja. Tunahitaji sentimita thelathini: ishirini zinazopungua, na kumi za kupita bila kugusa mchanga. Magunia elfu mbili na mia moja ya kilo hamsini yapakuliwe pale pale kwa mitumbwi.

Akasema: "Fanya. Lakini jina bado nalitaka."

Nikarudi ofisini nikaandika jina la Baba Riziki kwenye karatasi. Limekaa vizuri, kwa mwandiko wangu mzuri. Nimeliweka mfukoni. Nilipotoka kwa afisa nilimwona Baba Riziki amesimama getini, ananitazama. Hakunisalimia.

Ijumaa, 19 Septemba
Mitumbwi kumi na miwili kutoka Ruziba, kijiji cha wavuvi. Wavuvi wanabeba magunia ishirini kila safari. Mmoja aliniuliza kama unga una samaki ndani. Jua kali. Kila saa nasoma alama zilizochorwa ubavuni mwa meli. Asubuhi hazikusogea kabisa, nikadhani nimekosea hesabu. Jioni, mchanga ulipoanza kuiachia, zimepanda sentimita tisa. Baba Riziki hakuja kazini. Karatasi ingali mfukoni. Naigusa kila mara.

Jumamosi, 20 Septemba
Saa tano na robo meli imetikisika. Ikageuka kidogo, polepole, kama mtu anayeamka. Imeelea. Wapagazi walipiga kelele zikasikika mpaka Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Afisa alinipa mkono, akaenda kuangalia magunia. Saa sita ilipita. Hakuuliza jina.

Nimeichoma karatasi kwenye jiko la mama wa chai. Ningemkabidhi, najua. Ningemkabidhi saa sita kamili.

Majirani wanasema Baba Riziki alivuka kurudi Uvira Alhamisi jioni, akawaacha mkewe na watoto.

Jumatatu, 22 Septemba
Hatukupima leo. Mama Riziki alikuja ofisini na mtoto mgongoni. Nikamwagizia chai. Nikamwambia mumewe arudi, hakuna anayemtafuta. Alinitazama sana.

"Ni we unasema, ao ni bale ba-militeri?"

Nikasema ni mimi, si wanajeshi.

Alimaliza chai, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda.