Twiga wa Murusagamba Kasuguliwa

Dada Veronika, shikamoo. Huku Murusagamba ni mvua, ndizi na maharage, na mimi nimenuna.

Jana nimemkuta Bibi Anastazia ameziba dirisha la jiko kwa kibao cha kituo cha mafuta cha zamani: twiga mwekundu anakunywa petroli kwa mrija, na kutu yake na masizi yake, yaani kile hasa ninachokisaka miaka yote kwa mkusanyo wangu wa vitu vya sheli za kale. Nikambembeleza mpaka akakubali. "Njoo asubuhi, mwanangu."

Asubuhi nimekabidhiwa bati jeupe linalometameta. Amelisugua kwa mchanga na majivu. Twiga hayupo, wala herufi hata moja.

"Mgeni hapewi kitu kichafu," akasema. "Watu wa kwenu wangetuonaje?"

Nimelipokea kwa mikono miwili. Nilivyoligeuzageuza kumtafuta twiga akadhani furaha imenizidi, akaniambia jirani yake ana debe la oili la sheli hiyo hiyo. "Mvua ikikatika tu, mkwe wangu anakwenda kukuoshea."

Kwa hiyo naandika huku nimeshavaa viatu. Wabusu watoto, tunza hicho kifua chako, na uniombee mvua izidi.

Mdogo wako, Deusi