Sahani ya Ambakisye Imepoa Matema

Mwanangu Ambakisye, Yesu awe nawe huko Dar.

Nina hasira nawe tangu juzi, siku uliyoahidi kuja kujitambulisha ukweni Matema. Walipika wali na samaki mbasa wa ziwani, sahani yako ikafunikwa mpaka ikapoa. Niliposema kampuni yenu mpya imekubadilishia zamu ya kurusha ndege, baba yake mchumba wako Tusekile akacheka: "Mama, rubani ameshindwa kufika, wewe wa basi umefika?"

Nikameza aibu. Ila jikoni Tusekile aliniuliza, "Mama, nikishikwa na uchungu naye amepangiwa zamu, nitamwita nani?" Njoo umjibu mwenyewe.

Mungu akulinde huko angani, kisha akushushe Matema binti huyu angali anakungoja.

Mama yako